Uhuru Unaoishia Kivinjarini: Uhakiki wa Historia ya Programu-Jalizi katika Mifumo Endeshi Huria ya Kompyuta za Mezani

Ikisiri

Makala haya yanahakiki maelezo yaliyozoeleka kuhusu programu-jalizi za vivinjari katika mifumo endeshi huria ya kompyuta za mezani, hususan Linux. Kwa mujibu wa maelezo hayo, programu-jalizi funge kama Flash na Silverlight zilikuwa kero ya kupita. Viwango vya wavuti vilizishinda, na zilipoondoka mtumiaji wa mfumo huria akawa sawa na watumiaji wengine. Makala yanaonesha kwamba maelezo hayo ni kweli nusu tu. Kwa kuchunguza mkondo wa Flash tangu 2005 hadi 2021, majaribio ya kuunda programu mbadala za Gnash na Moonlight, kuingizwa kwa moduli za kusimbua katika kiwango cha wavuti mwaka 2017, na mifano ya huduma za umma za Korea Kusini na Afrika Kusini, inajengwa hoja kwamba kilichoondoka ni umbo la programu-jalizi, ilhali mamlaka iliyokuwa ndani yake ilihama na kubaki. Makala yanapendekeza kwamba sera za programu huria katika ukanda wetu ziache kuishia kwenye uteuzi wa mfumo endeshi, na badala yake zikague kila kijenzi ambacho huduma ya umma inamtaka mwananchi awe nacho.

Istilahi muhimu: programu-jalizi, kivinjari, mfumo endeshi huria, programu funge, huduma za umma mtandaoni

1.0 Utangulizi

Mtu aliyefungua kivinjari cha Firefox kwenye kompyuta yenye mfumo endeshi wa Linux mnamo mwaka 2006 alikutana mara kwa mara na kisanduku kitupu katikati ya ukurasa, kikimwarifu kwamba programu-jalizi inayohitajika haipo. Maandishi ya ukurasa yalisomeka na picha zilionekana. Video, somo lenye picha za mwendo, au fomu iliyokuwa ndiyo sababu ya kuufungua ukurasa huo, havikuonekana. Kompyuta haikuwa mbovu wala mtandao haukuwa umekatika. Kilichokosekana ni faili moja ya kampuni moja, ambayo kampuni hiyo haikuwa imeona haja ya kuiandaa kwa ajili ya mfumo huo.

Leo kisanduku hicho hakionekani tena, na ni rahisi kudhani kwamba tatizo lilikwisha. Makala haya yanapinga dhana hiyo. Sababu ya kuirejea historia hii sasa ni kwamba nchi za ukanda wetu zinahamishia huduma za umma kwenye wavuti kwa kasi. Mifumo kama Irembo nchini Rwanda na eCitizen nchini Kenya imekuwa mlango wa kawaida wa mwananchi kuingia serikalini. Wakati huohuo, vyuo na shule nyingi huweka Linux katika maabara zao ili kuepuka gharama za leseni. Ushauri wa kisera unaotolewa katika mazingira hayo kwa kawaida huishia kwenye sentensi moja: tutumie programu huria. Historia ya programu-jalizi inaonesha kwamba sentensi hiyo haitoshi, na inaonesha pia ni wapi hasa inapopungukiwa.

2.0 Istilahi na Kigezo cha Uhakiki

Neno huria katika muktadha wa programu lilipata makazi katika Kiswahili mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice, ambayo menyu na maelezo yake yalikuwa kwa Kiswahili. Ufasiri huo uliwezekana kwa sababu msimbo wa programu ulikuwa wazi: wataalamu waliingia ndani, wakabadilisha maneno, wakatoa toleo lao bila kumwomba mtu ruhusa. Katika makala haya, mfumo huria ni ule unaompa mtumiaji haki ya kuuendesha, kuukagua, kuurekebisha na kuusambaza. Kinyume chake tunakiita programu funge, kwa kuazima kivumishi ambacho wanaisimu wamekizoea katika istilahi ya silabi funge.

Istilahi programu-jalizi nayo inastahili kutazamwa. Kitenzi jaliza kina maana ya kujaza chombo hadi pomoni. Jalizi basi ni kile kinachoingizwa ili kujaza nafasi iliyobaki. Picha hiyo ni sahihi kuliko inavyoonekana kwanza, kwa kuwa inatulazimu kuuliza maswali mawili: nafasi hiyo iliachwa wazi na nani, na anayeijaza ana mamlaka gani juu ya chombo kizima?

Kigezo cha uhakiki wetu kinatokana na maswali hayo. Hatuulizi tu kama programu-jalizi fulani ilifanya kazi kwenye Linux au haikufanya. Tunauliza ni nani aliyekuwa na neno la mwisho juu ya kufanya kazi kwake. Programu inaweza kufanya kazi vizuri leo kwa hisani ya mwenye nayo na kukoma kesho kwa uamuzi wake. Kwa mtafiti, tofauti kati ya haki na hisani ni suala la nadharia. Kwa mshauri wa sera ni suala la iwapo huduma ya umma itakuwepo mwaka kesho.

3.0 Flash na Miaka ya Kungoja

Utaratibu wa programu-jalizi ulianzishwa na kampuni ya Netscape katikati ya miaka ya 1990 kupitia kiolesura kilichojulikana kama NPAPI. Kivinjari kilipokutana na aina ya faili kisichoielewa, kilikabidhi sehemu ya ukurasa kwa programu nyingine iliyoandaliwa na kampuni nyingine. Programu hiyo ilikuwa imetungwa mahsusi kwa mfumo endeshi mmoja na aina moja ya kichakataji. Programu-jalizi ya Windows haikuweza kuendeshwa moja kwa moja na Linux, na ya biti 32 haikuweza kupakiwa na kivinjari cha biti 64. Kwa hiyo, ingawa kiolesura chenyewe kilikuwa wazi kwa kila mtu, kila kilichoingia humo kilihitaji mtengenezaji wake akubali kufanya kazi upya kwa kila mfumo.

Flash, iliyokuwa ya Macromedia kabla ya Adobe kuinunua kampuni hiyo mwishoni mwa 2005, ndiyo iliyodhihirisha athari za mpango huo. Toleo la 8 la Flash halikutolewa kabisa kwa Linux. Toleo la 9 lilitolewa kwa Windows katikati ya 2006, na watumiaji wa Linux walilipata Januari 2007. Katika kipindi hicho tovuti za video, YouTube ikiwa mbele yao, zilikuwa zimeifanya Flash kuwa njia kuu ya kuonesha video mtandaoni. Kungoja miezi kadhaa hakukumaanisha kukosa pambo. Kulimaanisha kukaa nje ya sehemu ya wavuti iliyokuwa ikikua haraka kuliko zote.

Hali ya kompyuta za biti 64 ilikuwa ngumu zaidi. Adobe ilitoa toleo la majaribio kwa Linux ya biti 64 mwezi Novemba 2008, ikalisitisha Juni 2010, ikatoa jaribio jingine Septemba mwaka huohuo, na hatimaye ikatoa toleo kamili, la 11, mwaka 2011. Kwa miaka hiyo wasambazaji wa Linux walitegemea nspluginwrapper, programu huria iliyopakia programu-jalizi ya biti 32 katika mchakato wake wa pembeni na kuitafsiria kivinjari cha biti 64 kilichotokea. Ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa, lakini pia ilikuwa kazi ambayo isingehitajika kama msimbo wa Flash ungekuwa mikononi mwa watu haohao walioiandika nspluginwrapper. Waliweza kuunda upya mfumo mzima wa Linux kwa biti 64. Faili moja ndiyo iliyowakwamisha.

Februari 2012 Adobe ilitangaza kwamba toleo la 11.2 lingekuwa la mwisho kwa Linux kupitia NPAPI, na kwamba kwa miaka mitano lingepata marekebisho ya usalama tu. Aliyetaka Flash mpya alielekezwa kwenye Chrome, kivinjari cha Google, ambacho kilikuja na Flash yake kupitia kiolesura tofauti. Tangazo hili lina maana kubwa kuliko matatizo ya kiufundi yaliyolitangulia. Mtumiaji wa Firefox kwenye Linux, yaani mtu aliyekuwa na kivinjari huria juu ya mfumo huria, aliambiwa kwamba ili aone maudhui mapya hana budi kubadili kivinjari. Uamuzi huo ulifanywa na kampuni mbili ambazo hakuwa na mkataba na yoyote kati yake kuhusu jambo hilo. Kisha mwaka 2016 Adobe iligeuza uamuzi na kuanza tena kutoa matoleo mapya ya NPAPI kwa Linux, na Julai 2017 ikatangaza kwamba Flash yote itakoma mwishoni mwa 2020.

Tukipima mfululizo huu kwa kigezo chetu, tunaona kwamba swali la kama Flash ilifanya kazi kwenye Linux lina majibu mengi kulingana na mwaka. Swali la nani alikuwa na neno la mwisho lina jibu moja kwa miaka yote.

4.0 Programu Mbadala: Gnash na Moonlight

Wapo wanaosema kwamba jamii ya programu huria ilipaswa kujitengenezea yake badala ya kulalamika. Ilijaribu, na jaribio hilo ndilo linalofundisha zaidi.

Gnash, mradi wa GNU, ulianza mwishoni mwa 2005 kwa lengo la kuunda kichezeshi huria cha faili za Flash, na Wakfu wa Programu Huria uliuweka katika orodha ya miradi yake ya kipaumbele. Ugumu wake ulikuwa wa aina mbili. Kwanza, wa kisheria: hadi Mei 2008 Adobe ilipoondoa masharti ya leseni juu ya maelezo rasmi ya muundo wa SWF, masharti hayo yalikataza maelezo kutumiwa kutengeneza kichezeshi kingine. Pili, wa kimwendo: Flash 9 ilileta lugha ya ActionScript 3 pamoja na mashine pepe mpya kabisa, na Gnash haikuwahi kuitekeleza kikamilifu. Kila mradi huria ulipokaribia kulifikia toleo lililopo, toleo hilo lilikuwa limekwisha kuwa la zamani.

Jambo hili liligusa ukanda wetu moja kwa moja. Kompyuta za XO za mpango wa Kompyuta Moja kwa Kila Mtoto ziliendeshwa na mfumo uliotokana na Fedora, na Rwanda ikawa miongoni mwa nchi za Afrika zilizozigawa kwa wingi zaidi shuleni. Kompyuta hizo zilikuja na Gnash badala ya Flash ya Adobe. Kwa upande wa kanuni uamuzi huo ulikuwa thabiti: mtoto alipewa mashine ambayo angeweza kuifungua na kuisoma msimbo wake wote. Kwa upande wa matumizi, somo lolote la Flash lililotungwa kwa ActionScript 3 lilimpita, na mashine ya kwanza ya XO, yenye kumbukumbu ya megabaiti 256, haikuwa na nguvu ya ziada ya kufidia. Kuweka Flash rasmi kuliwezekana, lakini kulihitaji mtandao na mtu anayejua kuandika amri. Shule nyingi za vijijini hazikuwa na kimojawapo.

Je, kosa lilikuwa la waliochagua Gnash? Tunadhani hapana, lakini hawakosi lawama yote. Kosa lao lilikuwa kuamini kwamba uhuru wa mashine unatosha kuleta uhuru wa maudhui. Maudhui ya elimu yaliyokuwa yakitungwa duniani kote, mara nyingi kwa fedha za umma, yalikuwa yakifungwa ndani ya muundo wa kampuni moja, na hakuna aliyewekewa sharti la kuyatoa kwa namna nyingine. Mtoto wa Rwanda alipewa ufunguo halisi wa nyumba ambayo vitabu vyake vilihifadhiwa kwa jirani.

Moonlight ni kisa kinachofanana na hicho, lakini chenye tofauti moja ya msingi. Microsoft ilipotoa Silverlight mwaka 2007 ili kushindana na Flash, timu ya Mono ndani ya kampuni ya Novell ilianza kuunda toleo huria la Linux kwa ushirikiano wa Microsoft yenyewe, na Moonlight 1.0 ikatoka mwanzoni mwa 2009. Hapa basi hapakuwa na uadui wala usiri mkubwa. Hata hivyo Silverlight ilikwisha kufika toleo la 2 wakati huo. Moonlight ilipofika la 2 mwishoni mwa 2009, Silverlight ilikuwa la 3, na la 4 likafuata mwaka 2010. Zaidi ya hayo, sehemu iliyolinda video za kulipia haikutolewa. Ndiyo maana wateja wa Netflix waliotumia Linux hawakuweza kutazama filamu walizozilipia, ingawa programu ya Moonlight ilikuwa imewekwa vizuri kwenye kompyuta zao. Kufikia 2012 waasisi wa Moonlight walikuwa wameuacha mradi.

Kutoka kwa visa hivi viwili tunapata funzo linalopingana na ushauri wa kujitengenezea mbadala. Ustadi wa wahandisi haukuwa ndio uliopungua. Kilichopungua ni muundo wa maudhui uliotulia na unaomilikiwa na umma. Ushahidi wa hili ni PDF. Nayo ilianza kama muundo wa Adobe na ilitazamwa kwenye kivinjari kwa programu-jalizi ya Adobe. Lakini mwaka 2008 ilifanywa kiwango cha kimataifa cha ISO, na mwaka 2013 Firefox ilianza kuonesha PDF kwa msimbo wake yenyewe bila programu-jalizi yoyote. Adobe iliacha kutoa kisomaji chake kwa Linux katika kipindi hichohicho, na watumiaji wengi hawakuhisi pengo. Wahandisi walikuwa wa jamii ileile na uwezo ni uleule. Hali ya kisheria na ya kiwango ya kile walichokifanyia kazi ndiyo iliyotofautiana.

5.0 Ushindi Unaodaiwa

Maelezo yaliyozoeleka yanaendelea kwamba HTML5 ilikuja, ikaipa wavuti video na michoro bila programu-jalizi, na hivyo uwazi ukashinda. Kuna ukweli hapa usiopaswa kubezwa. Kuanzia Januari 2015 YouTube iliifanya HTML5 kuwa njia yake ya msingi ya kuonesha video, na mtumiaji wa Linux alinufaika sawa na mwingine. Programu-jalizi za NPAPI ziliendeshwa zikiwa na ruhusa zote za mtumiaji, na dosari moja ndani yake ilitosha kuikabidhi kompyuta nzima kwa mshambulizi. Kuondolewa kwake kulikuwa hatua njema ya usalama.

Lakini mambo mawili hayakai vizuri ndani ya maelezo hayo. La kwanza ni mpangilio wa matukio. Flash haikuanza kuanguka kwa sababu watumiaji wa Linux waliilalamikia kwa miaka kumi. Ilianza kuanguka kwa sababu simu ya iPhone, tangu 2007, haikuiruhusu, na Aprili 2010 Steve Jobs alitoa waraka wa wazi kueleza kwa nini haitaruhusiwa. Wenye tovuti ambao hawakuwa wamejali kilio cha Linux walibadilisha kurasa zao kwa ajili ya wenye iPhone. Mfumo uliofanikiwa kuiondoa programu-jalizi funge ulikuwa mfumo uliofungwa kuliko Linux kwa kila kipimo, ila ulikuwa na wateja wenye fedha. Ilipofika zamu ya vivinjari, Linux ilitangulia kupoteza: Chrome iliondoa NPAPI kwenye Linux katika toleo la 35 mwaka 2014, ilhali kwenye Windows iliiondoa kabisa katika toleo la 45 mwaka 2015. Ni vigumu kuuita ushindi wa uwazi tukio ambalo mfumo wa wazi haukuliamulia mwanzo wala ratiba yake.

Jambo la pili ni zito zaidi. Wamiliki wa filamu hawakukubali video za HTML5 bila kizuizi cha kunakili. Suluhisho lilikuwa kiwango cha EME, kinachoruhusu ukurasa kuwasiliana na moduli ya kusimbua iliyo ndani ya kivinjari au kando yake. Shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliidhinisha kiwango hicho Septemba 2017 baada ya kura ya wanachama: 108 waliunga mkono, 57 walipinga na 20 hawakuegemea upande. Taasisi ya EFF, inayotetea haki za kidijitali, ilijitoa katika shirika hilo siku hiyohiyo.

Kiwango cha EME ni wazi. Moduli inayokifanya kiwe na manufaa si wazi. Kwenye Linux moduli hiyo ni Widevine ya Google, ambayo Firefox ya Linux iliipata mwaka 2016. Netflix ilianza kuonekana rasmi kwenye Linux kupitia Chrome mwaka 2014, na kwa mtazamaji huo ulikuwa unafuu wa kweli. Hata hivyo moduli hupakuliwa ikiwa faili funge, kama Flash ilivyopakuliwa. Hupatikana kwa mfumo na kichakataji ambacho mwenye nayo amekichagua. Mwandishi wa kivinjari kipya, hata kiwe huria kiasi gani, huhitaji kibali cha Google ili kuitumia. Kwenye kompyuta za kawaida za Linux huendeshwa katika daraja la chini la ulinzi, na kwa sababu hiyo baadhi ya huduma humpa mtazamaji picha ya ubora mdogo kuliko ile anayopewa mwenye Windows au Mac kwa ada ileile.

Kwa hiyo nafasi iliyokuwa ikijalizwa haikuzibwa. Ilipunguzwa ukubwa, ikahamishwa ndani zaidi, na ikapewa hadhi ya kiwango. Kisanduku kitupu kilichomwarifu mtumiaji wa 2006 kwamba kuna kitu amenyimwa kimetoweka, na pamoja nacho umetoweka ushahidi uliomfanya aulize.

6.0 Programu-Jalizi katika Huduma za Umma

Filamu ni burudani, na msomaji anaweza kuhoji kama serikali inahusika. Mifano miwili inaonesha kwamba inahusika.

Korea Kusini ilipitisha sheria ya saini za kidijitali mwaka 1999, na miamala ya benki na ya serikali ikajengwa juu ya vyeti vilivyotegemea ActiveX, teknolojia ya Microsoft iliyoendeshwa ndani ya Internet Explorer kwenye Windows tu. Mtumiaji wa Linux hakuwa na toleo la kungoja wala mbadala wa kutunga. Wananchi waliofika mahakamani kudai huduma isiyofungamana na kivinjari kimoja walishindwa. Vyeti hivyo vilipoteza nafasi yake maalumu kisheria mwezi Desemba 2020, zaidi ya miaka 20 baada ya kuanza. Ikumbukwe kwamba Korea Kusini haikuwa nchi iliyokosa wataalamu wala mtandao wa kasi. Uamuzi wa kiufundi ulipokwisha kuandikwa katika sheria na mikataba, utajiri wa nchi haukuharakisha kuutengua.

Afrika Kusini inatufaa zaidi kwa kuwa ilikuwa na sera. Mwaka 2007 Baraza lake la Mawaziri liliidhinisha sera ya matumizi ya programu huria serikalini. Pamoja na hayo, baadhi ya fomu za kodi katika mfumo wa eFiling wa mamlaka ya mapato, SARS, ziliendelea kutegemea Flash. Adobe ilianza kuzuia maudhui ya Flash tarehe 12 Januari 2021, na fomu hizo zikaacha kufanya kazi. Mamlaka ilijibu ndani ya mwezi huohuo kwa kutoa kivinjari chake maalumu chenye uwezo wa kuendesha Flash, na kivinjari hicho kilikuwa cha Windows pekee.

Si haki kuwacheka waliofanya uamuzi huo. Walipa kodi walikuwa na tarehe za mwisho, na mamlaka ilihitaji njia ya haraka. Lakini kisa hiki kinajaribu sera ya 2007 kwa ukali. Sera ilizungumzia programu ambazo serikali itanunua na kutumia. Haikumzuia mkandarasi kujenga huduma inayomtaka mwananchi awe na faili funge ya kampuni ya nje. Ofisi ingeweza kuendesha seva zake zote kwa Linux, ikatimiza sera kwa herufi, na bado ikamfungia nje mwananchi anayetumia Linux nyumbani. Tangazo la kukoma kwa Flash lilikuwa limetolewa miaka mitatu na nusu kabla.

7.0 Hoja Pinzani

Hoja ya kwanza inayoweza kutolewa dhidi yetu ni ya idadi. Watumiaji wa Linux kwenye kompyuta za mezani wamekuwa asilimia chache tu katika miaka yote iliyojadiliwa, na kampuni haina wajibu wa kugharamia kila kundi dogo. Tunaikubali hoja hii kuhusu kampuni, na ndiyo sababu hatuikubali kuhusu serikali. Kwa kuwa soko halina sababu ya kuwahudumia wachache, atakayewahudumia ni yule mwenye wajibu kwa raia wote. Isitoshe, fomu za SARS ziliharibika kwa watumiaji wa Windows pia. Watumiaji wa Linux walitangulia tu kuonja kilichokuwa kikiwasubiri wote.

Hoja ya pili ni kwamba siku hizi watu wengi hutumia simu, hivyo suala la kompyuta za mezani limepitwa na wakati. Jibu letu ni kwamba swali ni lilelile hata chombo kikibadilika. Huduma inayopatikana tu kwa programu iliyo katika duka la kampuni moja inamweka mwananchi mahali palepale Flash ilipomweka. Kompyuta ya mezani inabaki kuwa mahali ambapo mfumo huria kamili unaweza kuwekwa na mtu wa kawaida, na kwa hiyo ni kipimo kizuri cha iwapo huduma iko wazi kwa kweli.

Hoja ya tatu inatoka ndani ya jamii ya programu huria: dawa ni kukataa kabisa kila kijenzi funge. Msimamo huu una heshima yake, lakini kisa cha XO kinaonesha gharama yake ikiwa anayekataa si yule anayekosa. Mwalimu hawezi kuwalipisha wanafunzi gharama ya kanuni ambayo watunga maudhui hawakuwekewa.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia hii ina mwisho usiotarajiwa. Baada ya Flash kukoma, maelfu ya michezo, katuni na masomo yake yangepotea. Mwaka 2020 Maktaba ya Mtandao ya Internet Archive ilianza kuyahifadhi na kuyaonesha kwa kutumia Ruffle, kichezeshi huria kinachoendeshwa ndani ya kivinjari bila programu-jalizi, kwenye Linux sawa na kwingineko. Muundo ulipoacha kubadilika, programu huria iliufikia. Jambo hilo lingewezekana tangu mwanzo kama muundo ungekuwa wa umma.

Kutokana na uchambuzi huu, tunatoa mapendekezo manne kwa taasisi za ukanda wetu. Kwanza, hati za zabuni za huduma za umma mtandaoni zitamke kwamba huduma yote, kuanzia kujisajili hadi kulipa, ifanye kazi kwa kivinjari huria juu ya mfumo endeshi huria bila kijenzi cha ziada, na jaribio la sharti hilo lifanyike kabla ya mkandarasi kulipwa. Pili, pale kijenzi funge kisipoepukika, mkataba utaje ni nani mwenye nacho, ameahidi kukihudumia hadi lini, na huduma itaendeleaje akikiondoa. Tatu, maudhui ya elimu yanayogharamiwa na umma au wafadhili yakabidhiwe katika muundo wenye maelezo ya wazi, pamoja na faili asilia zake. Nne, vyama vya Kiswahili na mabaraza ya lugha yasanifu istilahi zinazotofautisha kiwango kilicho wazi na utekelezaji ulio wazi, kwa kuwa kutotofautisha mambo hayo mawili ndiko kulikoruhusu EME kuitwa ushindi.

Sera inayotaja mfumo endeshi peke yake imekagua nusu ya njia. Mkaguzi anapaswa kumfuata mwananchi hadi mwisho wa fomu, na kila anapokuta kitu kinachotakiwa kuwepo kwenye kompyuta ya mwananchi huyo, aulize ni cha nani.